Tulivyokwenda Ajanta na shangazi: ukiwa na mtu mzima jipange hivi

Watu wetu wengi wanaokuja India wanakuja kwa mambo mawili, kusoma au kutibiwa, na wale wa matibabu wengi wanarudi nyumbani wanachokijua ni korido za hospitali, duka la dawa la jirani na barabara ya kwenda eapoti. Shangazi yangu alikuwa anaelekea huko huko. Alikuja Pune kutibiwa, mi nipo hapa nasoma, matibabu yakaenda vizuri alhamdulillah, ila daktari akasema asirudi nyumbani mpaka majibu ya mwisho yatoke. Sasa hapo ndo ukabaki muda wa kukaa tu ndani. Na shangazi ni mwalimu mstaafu, kafundisha historia Tanga miaka na miaka, hawezi kukaa ndani anatazama ukuta. Jioni moja akaniambia, "Baba, nimewafundisha watoto wa watu habari za India maisha yangu yote, leo nipo India yenyewe na sijaona kitu. Nitafutie pa kwenda."

Nikataja Taj Mahal, akasema mbali. Nikataja Ajanta akanyamaza kidogo, halafu akauliza "yale mapango ya Wabuddha?" Basi nikajua tumepata.

Kabla hamjapanga chochote, kama ni mgonjwa, anza kwa daktari. Sisi tulimuuliza wazi: anaweza kukaa kwenye gari saa ngapi, anaweza kupanda ngazi, dawa zipi zisikosekane, na dalili gani akiziona turudi haraka. Daktari alituandikia karatasi tukawa nayo kwenye mkoba muda wote pamoja na dawa za ziada, maana huko Ajanta upo katikati ya mashamba na milima, hospitali kubwa ipo mjini.

Sisi wa Tanga tukisikia mapango tunafikiria Amboni, ambako maji ndo yamekula mawe ya chokaa mpaka pakawa na vyumba, mkono wa mtu haupo. Ajanta ni kinyume chake. Pale kila ukuta, kila nguzo, kila kitanda cha mtawa kimekatwa na mtu kwa tindo na nyundo kwenye mwamba mgumu mweusi wa volkano. Ni mapango kama 30 yamejipanga kwenye ukingo wa bonde la mto Waghora, mengine ni kumbi za ibada, mengi ni makazi ya watawa. Ya mwanzo yalichongwa karne ya 2 na ya 1 kabla ya Kristo, kazi ikasimama muda mrefu sana, ikaja kuanza tena karne ya 5 baada ya Kristo enzi za mfalme Harishena wa ukoo wa Vakataka, hapo ndo yakachongwa mengi na kuchorwa zile picha zinazoleta watu kutoka dunia nzima. Harishena alipofariki mambo yakavurugika, mafundi wakaacha kazi, msitu ukafunika. Wenyeji wa jirani walikuwa wanapajua, ila huko nje habari zilitoka mwaka 1819 ofisa wa jeshi la Waingereza, John Smith, alipokuwa anawinda chui milia akaona mdomo wa pango ng'ambo ya bonde. Mwaka 1983 UNESCO wakaliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Suala la dini naomba niliseme mapema manake najua wengi linawakwaza. Sisi ni Waislamu, na kuna ndugu alimpigia shangazi simu akimwambia anakwendaje kwenye nyumba ya masanamu, tena mtu ametoka kuugua. Shangazi alimjibu kwa upole tu, kwamba yeye anakwenda kuona kazi ya binadamu wenzake wa zamani, haendi kuabudu, na nia yake anaijua Mola wake. Hakuna mtu pale atakayekulazimisha uiname au uwashe ubani, sehemu iko chini ya idara ya mambo ya kale ya serikali. Kinachotakiwa ni adabu, kwa sababu wapo wanaokuja kusali kweli, nitawaeleza mbele.

Haya, safari. Kutoka Pune mnaenda kwanza Aurangabad, kama kilomita 235 hivi kwa basi. Hapa kuna jambo linachanganya wageni, mji umebadilishwa jina rasmi mwaka 2023 unaitwa Chhatrapati Sambhajinagar, kwa hiyo kwenye tiketi utaona jina moja, dereva anasema lingine, ramani kwenye simu inaweza kuonyesha lolote kati ya hayo. Ni mji ule ule, msihangaike. Chukueni basi la mchana kama mna mtu mzima, la usiku linafika alfajiri na hoteli haijakuruhusu kuingia chumbani, mgonjwa anakaa mapokezi anasinzia kwenye kiti.

Hoteli ndo ilitutesa kuliko kitu chochote, na hili naliandika kwa uchungu. Nilikuwa nimelipia chumba kwa simu, tumefika na mabegi, yule kijana wa mapokezi akaangalia pasipoti zetu akasema hatupokei wageni wa nje. Shangazi amesimama amechoka, ameshika nguzo. Nilibishana nikaonyesha malipo, haikusaidia. Nilidhani ni ubaguzi tu, na sisemi ubaguzi haupo, ila kuna sababu nyingine: India hoteli ikipokea mgeni wa nje lazima iwapelekee uhamiaji taarifa zake, wanaiita Fomu C, sasa hoteli ndogo ndogo nyingi hazijajisajili kwa hilo au hazitaki usumbufu, wanaona heri wakukatae. Kwa hiyo kabla hujalipa piga simu, waulize kwa maneno haya haya, mnapokea wageni wenye pasipoti ya nje? Mnajaza Fomu C? Wakisita tafuta nyingine. Na muwe na pasipoti halisi na viza, kivuli peke yake wengi hawakubali. Tulipata hoteli nyingine ya bei ya juu zaidi, pesa ya kwanza ilichukua muda mrefu kurudi, lakini usiku ule nilichojali ni shangazi alale.

Siku za kwenda nazo zina hesabu yake. Ajanta wanafunga Jumatatu. Ellora, mapango mengine ya kuchongwa yaliyopo upande mwingine wa mji, wanafunga Jumanne. Wengi wanafika Jumapili usiku wanaamka Jumatatu wamevaa wamejiandaa, geti limefungwa. Na wikiendi na sikukuu za India pamejaa mpaka hupumui, bora katikati ya wiki. Msimu mzuri ni Novemba mpaka Februari. Aprili na Mei joto linapita nyuzi 40 na ule mwamba mweusi unalirudisha lote usoni kwako, na Juni mpaka Septemba ni mvua, bonde linakuwa la kijani na maporomoko ya maji yanaonekana, pazuri sana kwa kijana, ila ngazi zinateleza na mtu wa magoti usimlete.

Kutoka mjini mpaka Ajanta ni kama kilomita 100. Basi la serikali lipo na ni bei ndogo, ila kwa ajili ya shangazi tulikodi teksi ya siku nzima, tukakubaliana rupia 3,500 kwenda na kurudi pamoja na kusubiri, mafuta na kila kitu humo humo, nikaandika kwenye meseji nikamtumia dereva akajibu sawa. Hiyo meseji ilituokoa jioni alipotaka kuongeza. Tuliondoka saa moja asubuhi, maana milango inafunguliwa saa tatu na mnatakiwa muwe wa mwanzo mwanzo, sababu nitaisema.

Gari halifiki kwenye mapango. Linaishia Fardapur, kama kilomita 4 kabla, hapo kuna kiingilio kidogo cha huduma na maduka mengi, halafu mnapanda mabasi maalumu mpaka chini ya mlima. Kabla hamjafika kwenye basi watawazunguka wauza mawe, wanapasua jiwe la kawaida ndani linang'aa fuwele za rangi, mazuri kwa kweli na ni mawe ya eneo lile, lakini watawaambia "sasa hivi shika tu, utalipa ukirudi", na ukishashika ukirudi mtu anakudai. Ukiwa hununui usishike. Mwambie hapana mara moja kwa sauti ya kawaida uendelee kutembea.

Tiketi kwa mgeni wa nje ni rupia 600, kama elfu kumi na saba kumi na nane za kwetu, wakati Mhindi analipa 40. Inauma ukiwa mwanafunzi. Nilitoa kibali changu cha ukaazi nikidhani nitapunguziwa, hakuna, wanaopata bei ya Wahindi ni raia wa nchi jirani zile za jumuiya zao kama Nepal na Sri Lanka. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Ukilipa kwa simu inapungua kidogo na hupangi foleni.

Sasa ngazi. Kutoka linaposhusha basi mpaka pango la kwanza kuna ngazi za kutosha kumkatisha tamaa mtu mwenye magoti, na ukishafika juu njia inafuata ukingo wa bonde, imesakafiwa vizuri lakini inapanda na kushuka mpaka mwisho kabisa kwenye pango la 26. Pale chini kuna wabeba machela, kiti kimefungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne wanakubeba mabegani. Shangazi alikataa katakata. Akasema hawezi kubebwa na watoto wa watu kama mzigo, roho inamsuta. Nikamwacha apande mwenyewe pole pole, tukipumzika kila mahali palipo na kivuli, alipofika katikati yule mzee aliyekuwa anaongoza wale wabebaji, alikuwa anatufuata kwa mbali, akamwambia kwa Kihindi na ishara za mikono kwamba hii ndo kazi yake inayolisha nyumba yake, akikataliwa na kila mtu mwenye huruma atakula nini. Nilimtafsiria shangazi. Akafikiri, akasema basi anibebe, ila asikimbie.

Kwa anayefikiria machela, mkubaliane mambo matatu kabla mtu hajakaa: bei ni ya kikundi chote au ya kila mbebaji, ni kwenda tu au kwenda na kurudi, na watamsubiri nje ya kila pango au hapana. Tuliokuwa nao walikuwa waungwana, ila niliona familia moja ya wazungu wanagombana vibaya kwa hili hili, mzee wao ameachwa kwenye pango la mwisho wanadaiwa upya ndo arudishwe.

Pango namba 1 ndo watu wote wanaanzia, ndo maana nikasema muwe wa mapema. Walinzi wanaingiza watu kwa idadi maalumu ili pumzi na jasho visiharibu michoro, mkichelewa mnapanga foleni juani. Viatu mnavua nje, na mtavua kwenye kila pango lenye picha, kwa hiyo vaeni ndala au viatu visivyo na kamba, na soksi kwa sababu asubuhi ya Desemba lile jiwe ni baridi linapenya mpaka mfupani. Flashi ni marufuku.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo likimfanya mtu mmoja tu aende tofauti nitafurahi. Ukiingia kutoka juani huoni kitu. Kweli, ni giza, kuna taa hafifu tu. Watu wanaingia, wanainua simu, wanapiga picha ya giza, wanatoka, wanakwenda pango la pili, na kufika saa sita wamepita mapango yote thelathini na ukiwauliza mmeona nini wanasema mapango. Shangazi kwa sababu ya umri wake alikuwa hawezi kukimbia, alikaa chini sakafuni katikati ya ukumbi akatulia. Mi nikakaa naye. Dakika kama kumi hivi zikapita, makundi yanaingia yanatoka, na taratibu ukuta ukaanza kutoka gizani. Kwanza uso, halafu taji, halafu mkono umeshika ua la yungiyungi. Ni yule wanayemwita Padmapani, mtakatifu wa huruma kwa Wabuddha, amesimama kushoto kwa mlango wa chumba cha ndani, macho ameyainamisha chini, mwili umepinda kidogo, sura ya mtu anayewahurumia watu. Huwezi kumwona kwa haraka, haiwezekani.

Mle mle, juu ya nguzo moja, kuna paa wanne wamechongwa, mmoja amelala, mwingine anajikuna, lakini kichwa ni kimoja tu wote wanne wanakitumia, ukimtazama yeyote kati yao unaona kile kichwa ni chake. Mtoto wa muongozaji mmoja ndo alituonyesha. Shangazi alicheka kwa furaha mpaka akashika kifua, akawa anaziba miili mitatu kwa kiganja anauacha mmoja, halafu anahamisha kiganja.

Mtashangaa pia kwa nini rangi nyingi zimeenda kwenye kahawia na njano. Zamani wachoraji walikandika ukuta kwa udongo uliochanganywa na nyuzi za majani na pumba za mpunga, juu yake chokaa nyembamba, ndo wakachora pakiwa pamekauka. Rangi karibu zote zilitokana na mawe na udongo wa pale pale, ila ile buluu ilitoka kwenye jiwe la Afghanistan, fikiria biashara ya wakati ule. Miaka ya 1920 wakaletwa wataalamu wa Kitaliano kuzihifadhi, wakapaka juu yake vanishi ambayo baadaye iligeuka njano na kushika vumbi. Nia ilikuwa njema, na mpaka leo idara inaendelea kuisafisha kidogo kidogo.

Pango la 2 kila mtu anatazama dari, na dari ni nzuri mno, ila sisi watu wa pwani kuna kitu chetu mle. Kwenye ukuta wa pembeni kuna mchoro wa meli, umefifia, ina milingoti mitatu, makasia ya usukani nyuma, mitungi imepangwa, na mbele kwenye omo imechorwa jicho. Shangazi aliliona kabla yangu. "Chombo kina macho!" Akaanza kunieleza pale pale, mitepe ya Lamu iliyokuwa inashonwa kwa kamba nayo ilichorwa macho, na majahazi mpaka leo yanawekewa yale mabamba ya duara mbele ili chombo kione njia. Sisemi waliiga kwetu au sisi tuliiga kwao, hiyo ni kazi ya wataalamu. Ila bahari ni moja na pepo za kaskazi na kusi ni zile zile, na mwalimu wangu wa historia alikuwa amesimama bila viatu mbele ya mchoro wa karne ya 5 anafundisha, na Wahindi wawili watatu wakasimama kumsikiliza ingawa hawajui Kiswahili.

Tulikuwa tumekubaliana mapango machache tu: 1, 2, 10, 16, 17 na 26. Hayo yanatosha kabisa kwa mtu mzima na hata kijana nampa orodha hiyo hiyo, mengine yote utayapita njiani utachungulia. La 10 ndo la zamani kuliko mengi, ukumbi mrefu wenye stupa mwisho, yaani kuba la jiwe ambalo Wabuddha wanaliheshimu, na ndilo ambalo yule Smith alikwaruza jina lake na tarehe, yapo juu sana kuliko kimo cha mtu kwa sababu wakati ule alikuwa amesimama juu ya kifusi. Iliniuma kuona, na iliniuma zaidi kuona majina mengine mengi mapya chini yake.

Mkipita la 24 simameni hata dakika tano. Halikumalizwa, na ndo utaelewa kazi ilikuwaje. Walikuwa wanaanza na dari wanashuka, hivyo hawakuhitaji majukwaa, kile walichosimama juu yake ndicho watakachokichonga kesho. Utaona nguzo ambayo bado ni bonge la mwamba, imekwanguliwa upande mmoja, na alama za tindo zimelala pamoja zote kwa mshazari, unaweza kujua yule fundi alikuwa anapiga kutokea upande gani. Hakuna nafasi ya kukosea katika kazi hii, ukivunja pua ya sanamu huna jiwe lingine la kuongeza.

Kwenye la 16 kuna picha wanaiita binti mfalme anayekufa. Kisa chenyewe ni mke wa Nanda, ndugu wa Buddha kwa baba, mumewe ameamua kuwa mtawa na mjumbe ameleta taji lake nyumbani, mke anaposikia habari anaishiwa nguvu, shingo imelegea, wanawake wamemzunguka mmoja amemshika kwa nyuma. Shangazi alikaa pale muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwishoni akaniambia, "Mama yako alinishika hivi hivi, siku nilipopewa majibu ya kwanza Tanga." Hakusema zaidi na mi sikuuliza.

Kuna jambo la watu kutushangaa, na siwezi kuliruka. Desemba shule zinaleta wanafunzi kwa mabasi, na mkiwa Waafrika wawili mmekuwa kivutio. Selfi, selfi, kutoka kila upande, wengine hawaombi, unashtukia simu iko usoni. Shangazi mwanzoni aliona ni upendo, baada ya muda akachoka na ikamuumiza, kuna watoto walikuwa wanacheka na kumgusa mkono. Nilichoona kinasaidia ni kukataa mapema kwa ishara ya mkono na neno "no photo", na kumtafuta mwalimu wao. Shangazi alimfuata mwalimu wao mwenyewe, akamwambia kwa Kiingereza mimi pia ni mwalimu. Yule mama alipiga makofi mara moja, wale watoto wakapanga mstari, wakamwamkia kwa viganja, mmoja mmoja akauliza swali la maana, Tanzania iko wapi, mnakula nini, mna chui milia. Haikufuta yote ya kabla yake, lakini siku ilibadilika.

Pango la 26 ndo mwisho na tulifika tumechoka, ila usimwache mtu akarudie njiani. Kushoto ukiingia kuna Buddha amelala ubavu, urefu kama mita 7, ndo kifo chake, chini wanafunzi wake wanalia na juu viumbe wa mbinguni wanampokea. Pale tulikuta familia ya Wamarathi, wamevaa nyeupe, bibi na watoto na wajukuu, wanasali kwa sauti ya chini. Hawa ni Wabuddha wa siku hizi, wazazi wao walimfuata Dokta Ambedkar, mtetezi wa haki za wanyonge wa India, alipobadili dini mjini Nagpur Oktoba 1956 pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu wa tabaka la chini kabisa waliokuwa wanaitwa wasioguswa. Kwao hapa ni mahali patakatifu na ni ushahidi kwamba wana mizizi. Kwa hiyo tafadhali, watu wakisali usipite mbele yao, usipande kwenye kizimba cha sanamu upige picha umelala kama yeye, niliona vijana wakifanya na mlinzi akawafukuza. Sisi tulikaa pembeni mpaka wakamaliza. Yule bibi alipotoka akampa shangazi chungwa.

Kuhusu chakula bebeni chenu na maji ya kutosha, mgahawa upo ila juu kwenye mapango hakuna kitu, na mkila nje angalieni tumbili wale wenye uso mweusi, wananyakua mfuko mkononi. Choo tumieni cha chini kabla hamjapanda. Tulipumzisha magoti ya shangazi siku iliyofuata, hatukwenda popote, na nashauri hivyo hivyo. Kuunganisha Ajanta leo na Ellora kesho yake asubuhi kwa mtu mzima ni kumtesa.

Ellora ni karibu, kama kilomita 30 tu kutoka mjini, na kwa mwenye magoti ndo rahisi zaidi kwa sababu mengi yapo usawa wa barabara. Yapo 34, namba 1 mpaka 12 ni ya Kibuddha, yanafuata ya Kihindu na mwisho ya Kijaini, dini nyingine ya zamani ya India. Muda ukiwa mdogo nenda la 10, ukumbi wa ibada ambao dari lake limechongwa mbavu za jiwe kana kwamba ni boriti za mbao, kisha la 16, Kailasa, hekalu zima lililokatwa kutoka juu ya mlima kushuka chini.

Halafu msirudi moja kwa moja. Jirani na Ellora kuna mji mdogo wa Khuldabad, na huko amezikwa Malik Ambar, Mhabeshi aliyezaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani utotoni, akauzwa tena na tena mpaka akafika Dekani, yaani nyanda hizi za juu za India, akapanda mpaka akawa ndiye anayeendesha usultani wa Ahmadnagar na kuwasumbua Wamogholi, watawala wa dola kubwa ya kaskazini, miaka mingi. Mwaka 1610 alianzisha mji wa Khadki, ndo huo huo uliokuja kuitwa Aurangabad. Alifariki 1626. Dereva wetu hakulijua kaburi, ilibidi tuulize misikitini. Shangazi alisoma Fatiha, akalalamika njia nzima kwamba kafundisha darasani miaka yote ile na hakuna kitabu kilichomwambia mji mkubwa wa India uliasisiwa na mtu kutoka kwetu huku. Usiku tulikula naan qalia, mchuzi mzito wa nyama na mikate yake, chakula cha mji ule, halali haisumbui kupata.

Pesa iliyokwenda nyingi ni teksi na ile hoteli ya pili, vikifuatiwa na tiketi, kwa sababu Ellora nako ni 600 kila mtu. Kama mko vijana watupu bila mgonjwa mnaweza kupunguza zaidi ya nusu kwa kutumia mabasi ya serikali. Na wale mnaotokea Mumbai, ikiwa shida yenu ni Ajanta peke yake, hamna haja ya kufika Aurangabad kabisa, pandeni treni mpaka Jalgaon, kutoka pale ni kama kilomita 60 tu na mabasi ya kwenda upande wa Aurangabad yanawashusha Fardapur njiani. Ila mwambieni kondakta mapema.